Koti la Nathanaël

"Usimsogelee," nilimwambia Nathanaël kwenye simu. "Usimpe mkono, usimkumbatie, usimguse hata kwa bahati mbaya. Umenielewa?"

Magari yetu yalikuwa katika maegesho yale yale, yakitazamana, na bado tuliongea kwa simu kama watu walio nchi mbili tofauti. Mama alikuwa ameingia msalani katika jengo la wageni. Wakati wowote angetoka.

"Nimeelewa, chérie. Lakini niko naogopa," alisema. "Kwetu mama wa mutu tunamusalimiaka kichwa kwa kichwa. Huku, huku, na katikati. Sasa leo nimupite tu kama muti?"

"Umpite kama mti. Kwetu Vihiga mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hakai naye kiti kimoja, hali chakula mbele yake. Ukimgusa, umeharibu. Atasema hukufunzwa kwenu."

"Na nisipomusalimia, atasema nini?"

Nami nikikosa jibu hupandisha hasira. "Na hilo koti ni la nini? Nathan, jua lote hili! Utazimia."

"Kwenda mbele ya mama mukwe bila veste?" Alinishangaa kwa moyo wote. "Haiwezekane."

Nikamtazama kupitia vioo viwili vya magari. Koti la kijivu, shati jeupe, viatu vinavyong'aa, na uso ule ambao tangu siku ya kwanza ulinifanya nisahau nilichotaka kusema. Ilikuwa ni asubuhi ya Septemba huko Texas, joto tayari limeanza kupanda kutoka kwenye lami, na mwanaume wangu amevaa kama anayekwenda kufunga ndoa. Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikakata simu kwa sababu Mama alikuwa anatoka.

Nilikutana na Nathanaël harusini Garland, kwa rafiki yangu Clothilde. Aliimba besi katika kwaya ya Wakongomani na nikamtazama mpaka mke wa mchungaji akanigusa bega. Yeye anaishi Euless, kando ya Dallas, anapakia mizigo uwanja wa ndege. Mimi ni nesi, naishi Katy, nje kidogo ya Houston, kwa kaka yangu Absalom. Kati yetu kuna Texas nzima, au ndivyo inavyoonekana ukiwa barabarani peke yako. Kwa mwaka mzima tulikuwa tunakutana nusu ya njia, katika mji mdogo unaoitwa Buffalo, kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta, tukishikana mikono juu ya meza yenye madoa ya kahawa. Kama hujawahi kupendana kwenye kituo cha mafuta, hujui mapenzi yanavyoweza kuvumilia.

Absalom hakutaka kusikia habari zake. Alimwita "yule Mkongo wa Dallas", hakuwahi kutaja jina lake, na kila Jumapili alimwalika Mogaka mwenye duka la dawa aje kula nyumbani, eti kwa bahati. Mama alipokuja kututembelea kutoka Kenya, alikuta kesi imeshasikilizwa na hukumu imeshatolewa. Nikijaribu kumweleza, aliinua kiganja chake. Alikuwa mwalimu mkuu kabla hajastaafu, na kiganja kile kilikuwa kinanyamazisha shule nzima.

"Nikirudi nyumbani, baba zako wadogo wataniuliza," aliniambia jikoni. "Nikisema ndiyo, watawapokea watu wake. Nikisema hapana, Truphosa, usinililie kwenye simu."

Alikuwa anasafiri Jumatano. Hii ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia twende nikuonyeshe mji wa Wajerumani wa zamani, New Braunfels, una mito miwili na nyumba za karne ya kumi na tisa, tunatembea kwa miguu na mwongozaji anatueleza. Mama anapenda historia kuliko anavyopenda chakula. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Sikumwambia kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa ameendesha gari kutoka Euless tangu alfajiri ili atembee katika kundi lile lile. Mpango wangu ulikuwa kwamba amwone tu. Amwone akitembea, akisikiliza, akimpisha mtu mzima njia. Kisha wakati wa chakula nimwambie, Mama, yule uliyekuwa unamtazama asubuhi nzima ndiye.

Niliuona mpango mzuri sana. Uliharibika katika dakika ya kwanza.

Mwongozaji wetu, Natalia, alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana ya majani, aliyezaliwa mji huo huo, na babu zake walizaliwa humo pia. Watu wengine walikuwa wastaafu wachache wa Kizungu wenye viatu vya kutembelea. Mama alimsalimia kila mmoja kwa mkono, akizunguka duara kama yuko kwenye mkutano wa wazazi. "How are you. I am from Kenya. How are you." Alipomfikia Nathanaël, mwanaume alikuwa ameshika kikombe cha kahawa mkono huu na kofia mkono huu. Akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake, akasema "Good morning, Madame," na kurudi nyuma hatua mbili.

Mkono wa Mama ulibaki hewani. Aliutazama, kisha akaurudisha kwenye leso yake.

"Umemwona yule?" aliniuliza, akidhani hatusikiki. "Mtu mweusi mmoja tu hapa, na ananikimbia kama nina ukoma. Atakuwa wa Afrika Magharibi."

"Labda ana aibu, Mama."

"Aibu! Ameshika kofia, kwani haina kichwa?"

Nathanaël alisikia kila neno. Niliona sikio lake likinyanyuka. Akavaa kofia.

Tukaanza kutembea, na nitasema kweli, kwa muda nikasahau shida zangu. Mji ule ulikuwa umetulia namna ambayo Katy haitulii. Barabara zilikuwa na kivuli cha mialoni mikubwa, matawi yake yameinama mpaka karibu na paa, na nyumba zilikaa karibu na njia, ndogo, zenye vibaraza, kana kwamba zinangoja mtu apite zimsalimie. Natalia alitusimamisha mbele ya mojawapo. Kuta zake zilikuwa za mbao nene zilizopishana, wima na mshazari, na katikati ya mbao kumejazwa kitu cha rangi ya maziwa yaliyotiwa chai.

"Hii wazee wetu waliijenga kwa mikono," Natalia alisema. "Walisimamisha miti kwanza. Halafu katikati wakajaza udongo uliochanganywa na majani makavu."

Mama alisonga mbele ya watu wote. Akauweka mkono wake ukutani, akaupitisha polepole, akakwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Maayi!" alisema. "Truphosa! Hii ni nyumba ya kukandika!"

"Mama, usikwaruze."

"Ni ya kukandika, nakwambia! Nimezaliwa ndani ya hii!" Akamgeukia Natalia. "Madam, my mother made this wall. With her feet. We stepped on the mud, we sang, and we stepped."

Natalia alivua miwani ya jua. "Bibi yangu alituambia hivyo hivyo," alisema. "Watoto ndio waliokanyaga udongo."

Wakatazamana, hawa mama wawili, mmoja wa Vihiga na mmoja wa Texas. Mama alikuwa amefika Amerika akaona majengo ya vioo katikati ya Houston, akaona barabara zilizopandana kama tambi, na zote alisema "sawa". Mbele ya ukuta wa udongo ndipo alipopigwa na butwaa.

Kundi liliposogea, nilibaki nyuma kidogo, na Nathanaël akabaki nyuma kidogo. Alikuwa ameweka kiganja chake pale pale ambapo Mama alikuwa ameweka chake.

"Umusikie huyu mama mwenye kofia," alininong'oneza bila kunitazama. "Amesema bazee babo balishuka kwenye mashua ku bahari, magari ya ng'ombe hayakutosha, bakatembea. Homa ikabaua njiani. Banazika batoto, banaendelea. Truphosa, hawa batu balikimbiaka kama sisi."

"Nimesikia."

"Mimi nilivuka ziwa Tanganyika nikiwa mugongoni mwa dada yangu. Nilifikiri kwamba ni sisi tu." Akaupapasa ukuta. "Na ona. Nyumba ingali inasimama."

Nikaweka mkono wangu ukutani, kando ya wake. Vidole vyetu vya mwisho vikagusana, basi, kidogo tu, na mwili wangu wote ukapata habari. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nataka nyumba, hata ya kukandika, hata Buffalo kwenye kituo cha mafuta, mradi yeye awe ndani. Nikasema, "Vua koti, unalowa jasho."

"Sivue."

"Truphosa!" Mama aliita. "Unafanya nini huko na yule?"

"Natazama ukuta, Mama!"

Natalia alitupeleka kanisani, kisha akatuteremsha kwenye bustani ambapo mto unazaliwa. Njiani Mama alimwuliza kama bado wanaongea Kijerumani.

"Bibi yangu alikiongea siku nzima," Natalia alisema. "Mama yangu alikiongea akikasirika. Mimi ninajua sala ya chakula tu." Akaisema pale pale, tukitembea, maneno machache ya Kijerumani, polepole kama mtu anayebeba mayai. "Wanangu hata hiyo hawaijui."

Nilijua Mama anachokiwaza. Watoto wa Absalom wanamwita "Grandma" na akiwauliza kitu kwa Kiswahili wanamjibu kwa Kiingereza, na kwa Kimaragoli hata hawajibu. Alinishika mkono tukatembea hivyo, na moyo ukaniuma kwa kumdanganya.

Kisha tukaufikia mto. Maji yalikuwa yanatoka kwenye mwamba, chini ya mizizi ya miti, bila kelele, safi mpaka unaona kila jiwe na kila jani lililolala chini. Hayakutoka mlimani, hayakutoka ziwani. Yalitoka tu ardhini na kuwa mto, hapo hapo mbele yetu, na huko mbele zaidi watu wazima walielea wamekalia tyubu kubwa kama za trekta, wakicheka. Natalia alisema mto huu ni mfupi sana, unaanza na kuishia humu mjini, na wale watu waliotembea kutoka pwani na makaburi nyuma yao walipofika hapa na kuona maji haya, walisimama. Wengine walipiga magoti.

Nilimtazama Nathanaël ng'ambo ya kundi, naye alikuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Kuna wanaume wanaokutazama kama wanakukagua, na kuna mmoja anayekutazama kama amefika. Sikujua nifiche wapi uso wangu.

"Nataka kunawa," Mama alisema. "Nipe chupa nichote kidogo nipeleke nyumbani."

"Ngoja nikuletee, iko kwenye begi."

Nikainama kwenye begi. Niliitafuta ile chupa chini ya leso na mwavuli na biskuti zake, na wakati huo huo Mama, ambaye hajawahi kungoja mtu maishani mwake, alishaanza kuteremka ngazi za mawe kuelekea majini, amevaa sandali zake za kanisani. Ngazi ya mwisho ilikuwa na ukungu wa kijani. Nilisikia sauti ya kuteleza, kisha "Maayi!", kisha maji.

Nilipoinua macho alikuwa amekaa ndani ya mto, maji kiunoni, mguu mmoja umenasa katikati ya mawe. Kila alipojaribu kusimama aliteleza zaidi kuelekea kule ambako mawe yaliisha na maji yakawa ya bluu. Mimi nilikuwa juu, na watu watano walikuwa kati yangu na ngazi.

"Mama, usijongee!" mtu alipiga kelele kwa Kiswahili. "Baki hivyo hivyo! Niko nakuja!"

Nathanaël alikuwa ameshaingia majini na viatu vyake vinavyong'aa. Akamfikia. Halafu, Mungu wangu, akasimama. Mikono yake ilikwenda kwa Mama ikarudi. Akaanza kuvua koti.

"Mshike!" nilipiga kelele. "Nathan, just grab her! Mshike tu!"

Hakunisikiliza. Alivua koti kwa haraka mpaka kifungo kikaruka, akalipitisha nyuma ya mgongo wa Mama, chini ya kwapa zake, akazikusanya ncha zote mbili mbele kwa ngumi zake, akageuza uso pembeni, akavuta. Mama akanyanyuka. Mguu ukachomoka. Akayumba, na yeye akamshikilia kwa lile koti tu, kichwa kimegeukia miti kana kwamba huko ndiko kuliko na shughuli.

"Sasa ushike mukono wa koti, Mama," alimwambia. "Huu. Mimi nashika huu mwingine. Tupande polepole."

Na hivyo ndivyo walivyopanda. Yeye mbele, ameshika mkono mmoja wa koti, Mama nyuma ameshika mkono mwingine, na koti la kijivu limetanda katikati yao linachuruzika maji. Ngazi kwa ngazi. Mstaafu mmoja alinyoosha mkono kumsaidia Mama na Mama akaushika bila kufikiri, lakini upande wa pili hakuuachia ule mkono wa koti. Sijui kama kuna aliyeelewa alichokuwa anakiona. Hata mimi, wakati ule, nilikuwa na hasira tu. Ningemsamehe mara mia kumgusa. Nilikuwa nimeona Mama anakwenda na maji.

Tulimkalisha kwenye benchi. Nilimvua sandali, nikamkagua kifundo. Hakikuvunjika, kilikuwa kimeteguka kidogo, na nikakifunga kwa ile leso ya kwenye begi. Nathanaël alikuwa amesimama mbali, mgongo wake kwetu, suruali imegandamana na miguu, akijifanya anatazama bata.

Mama alikuwa amelipakata koti. Alilikamua upande huu, akalikamua upande huu.

"Anajua Kiswahili," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kiswahili cha Kongo."

Nikakaza fundo la leso kuliko ilivyohitajika.

"Ndiye?"

"Ndiye, Mama. Anaitwa Nathanaël."

"Absalom anajua mko hapa?"

"Hajui."

"Kwa hiyo mmenizungusha mji mzima tangu asubuhi kama ng'ombe wa mnada. Wewe na yeye." Hakupandisha sauti. Mama akiwa na hasira kweli sauti yake inashuka. "Mimi natazama kuta, nyinyi mnanitazama mimi."

"Mama, kila nikitaja jina lake unainua mkono! Ningefanyaje? Unaondoka Jumatano. Nilitaka umwone tu. Umwone kabla hujasema hapana."

"Nimemwona."

"Na?"

Akainua kiganja. Hata akiwa amelowa, hata akiwa na mguu mmoja mtupu kwenye mapaja yangu, kiganja kile kilifanya kazi yake. Nikainamisha kichwa. Machozi yalianza kunidondoka kwenye leso niliyoifunga, naye akaendelea kukamua koti.

Natalia, maskini, aliona ni vizuri sote tukale. Alitupeleka kwenye mgahawa wa ukumbi wa zamani, wenye meza ndefu na mabenchi nje chini ya miti, akatuagizia soseji na viazi na mkate mweusi. Nathanaël alikaa mwisho wa meza, kando yangu. Mama alichukua sahani yake, akachechemea nayo hadi meza nyingine iliyokuwa tupu, akakaa akitupa mgongo, akala peke yake akitazama ukuta wa ukumbi.

Nathanaël aliacha kutafuna. Aliisukuma sahani.

"Imekwisha," aliniambia kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi nzima kuketi karibu nami waziwazi, maana hapakuwa na cha kuficha tena. "Hawezi hata kula na mimi."

"Ni hasira tu. Itapita."

"Truphosa, niliona macho yake kule ku maji. Niliharibu. Nilitaka kumushika. Mikono yangu ilitaka. Nikakumbuka umesema ukimugusa umeharibu, nikavua veste. Halafu nikawaza, na akizama juu ya veste? Nitakuambia nini?"

"Nilikuambia umshike!"

"Ulisema nisimuguse."

"Nilisema asubuhi! Hapo alikuwa anazama!"

Tulikuwa tunagombana kwa kunong'ona, vichwa vimekaribiana, na nywele zake zilinukia mto. Nilimpenda mpaka nikataka kumpiga. Aliutoa mkono wake chini ya meza, nikaushika. Ulikuwa wa baridi, umekunjana kwa maji.

"Kama atasema hapana," alisema, "sitakuibia kwa mama yako. Nimeona batu bengi banaishi bila mama. Wewe sitakufanya hivyo."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema. Maana ukikaa na mimi na mama yako amegeuka mugongo, kila siku utakuwa unamutafuta. Mimi najua kutafuta mama kunakuwaka namna gani."

Mama yake alibaki Uvira, Kongo, na Nathanaël alikuwa hajawahi kuniambia zaidi ya hapo. Nikaubana mkono wake, na juu yetu majani ya mwaloni yalikuwa yanatingishika kidogo kwa upepo, na kengele ya kanisa la Wajerumani ikalia taratibu, na niliona wazi jinsi ambavyo ningempoteza. Kwa upole. Angepanda gari lake na kurudi Euless na hata hangenilaumu.

Ziara ilipokwisha tulirudi hadi kwenye jengo la wageni. Natalia aliagana na kila mtu. Mama alimkumbatia kwa muda mrefu, akamnong'oneza kitu, na Natalia akacheka huku akijifuta jicho. Mama akampa mkono yule mstaafu aliyemsaidia kwenye ngazi, akampa mkono mkewe, akampa mkono hata dereva wa gari la taka aliyekuwa anapita. Koti lilikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa bado linadondosha maji.

Nathanaël alisogea. Nilimwona uso wake na nikajua amesahau kila kitu nilichomfunza. Alikuwa mtoto wa mtu anayemuaga mama wa mtu, basi. Alinyoosha mikono yote miwili na kuinamisha paji la uso, tayari kugusa huku, huku na katikati.

"Mama, unisamehe," alisema. "Ubaki na amani."

Mama akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto, pamoja na mguu wake ule uliofungwa. Akafungua leso yake ya begani, akaizungushia mikono yake yote miwili mpaka kwenye viwiko, akaibana kifuani. Kisha akampa mgongo.

Nathanaël alibaki ameinama, mikono hewani. Nikautazama mgongo wa Mama, na mikono yake iliyofunikwa, na ndipo kitu kikaanza kunipanda polepole kutoka miguuni. Dereva wa gari la taka amepewa mkono. Mstaafu amepewa mkono. Asubuhi, Nathanaël alipokuwa mgeni tu, Mama mwenyewe alitaka kumpa mkono na akakasirika aliponyimwa. Akaketi peke yake kula. Akashika mkono wa koti na hakuuachia mpaka juu.

"Truphosa," Mama aliita, akiutazama mti, kwa ile sauti yake ya paredi ya shuleni.

"Abee, Mama."

"Mwambie huyo mkwe wangu arudishe mikono yake. Watu wanatutazama."

Gari moja lilipita. Nathanaël alinitazama, midomo imefunguka, akiniuliza kwa macho kama amesikia sawasawa.

"Na umwambie," Mama aliendelea kuuambia ule mti, "wazee wake wasipitie kwa Absalom. Waje Vihiga, kwa njia yake, na wavae makoti. Absalom nitaongea naye mimi leo hii."

"Mama..."

"Na viatu vyake vikaushwe kwa magazeti, si juani. Vitapasuka."

Nathanaël alirudisha mikono yake polepole, akaiweka nyuma. Halafu akafanya kitu ambacho sikumfunza. Aligeuka, naye akampa Mama mgongo, akainamisha kichwa mbele ya barabara tupu kwa heshima kubwa kuliko niliyowahi kuona kwa mfalme yeyote. Wakasimama hivyo, watu wawili ninaowapenda kuliko wote, migongo ikitazamana, mmoja ameficha mikono kwenye leso na mwingine ameificha nyuma, katika mji wa watu waliotoka mbali wakafika. Mabega ya Nathanaël yalikuwa yanatikisika. Ya Mama pia, ingawa angekataa.

Natalia alinijia taratibu, kofia yake kifuani, uso umejaa huruma.

"Pole sana," alininong'oneza. "Wamegombana?"

Nilijifuta machozi kwa lile koti lililolowa, nikanusa mto.

"Hapana, Natalia," nilimwambia. "Wamekubaliana."